Jumamosi tunakwenda mto Gura

Habari za jioni, wapendwa. Tunaondoka Roysambu saa kumi na nusu alfajiri, kupitia Nyeri. Kila mtu awe na kibali chake cha uvuvi.

Sasa tuzungumzie maji. Kiangazi kinakwisha, mvua za masika bado, na Gura imepungua hadi mawe ya chini yanaonekana. Trauti, samaki tunayemvua, naye anakuona vilevile! Safari iliyopita nilisimama wima ukingoni, kivuli kikaanguka kidimbwini, na samaki wote wakatoweka. Basi tuiname, tutembee tukielekea juu ya mto, kwa sababu trauti hukaa akikabili mkondo, nasi tutamjia kwa nyuma. Chagueni inzi bandia (chambo) wadogo, na mshipi wa mwisho, ule unaofungwa kwenye inzi, uwe mwembamba na mrefu.

Trauti hupenda maji baridi yenye hewa nyingi. Jua likipanda tutapumzika, kwani samaki aliyechoka kwenye maji ya vuguvugu huweza kufa hata ukimwachilia. Baneni kijino cha ndoana (kile kinachomzuia samaki kuchomoka) kwa koleo, na mlowanishe mikono kabla ya kumshika. Samaki hawa waliletwa Gura mwaka 1905. Nawaomba sana tuwatunze.

Nyati wapo msituni, kwa hiyo hakuna kutembea peke yako. Nani ana nafasi garini?