Nyota kwenye jedwali si ushahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku linalonirudia kila msimu wa kutetea tasnifu za uzamili katika menejimenti.

Juzi mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya jopo letu na jedwali lililojaa nyota, zile alama za kuonyesha kwamba tokeo limevuka kikomo cha kitakwimu. Alikuwa amekusanya hojaji 120, akapata thamani ya p ya 0.03 kati ya mtindo wa uongozi na ari ya wafanyakazi. Nikamuuliza hiyo 0.03 inasema nini. "Inasema nadharia tete yangu ni kweli kwa asilimia 97," akajibu. Mwenzangu katika jopo akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo niliposhtuka, maana mwanafunzi nilikuwa nimeshamsamehe.

Haisemi hivyo hata kidogo. Inasema kwamba kama uhusiano huo haupo kabisa, matokeo ya ukubwa ule au zaidi yangejitokeza kwa bahati tu katika sampuli kama 3 kati ya 100. Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko juu ya kosa hilihili mwaka 2016. Na uwiano wenyewe, yaani kipimo cha nguvu ya uhusiano huo, ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili? Ulikuwa 0.2. Uzidishe kwa wenyewe, unapata 0.04: mtindo wa uongozi ulieleza asilimia 4 tu ya tofauti za ari. Asilimia 96 iliyobaki hakuna aliyeiulizia. Isitoshe, maswali kuhusu bosi na maswali kuhusu ari yalijazwa na mtu yuleyule kwa mkupuo mmoja. Aliyeamka vizuri siku hiyo humsifu bosi na kuisifu kazi, na sisi tunauita huo uhusiano.

Sikutaja bado vipimo vingine alivyovijaribu kabla ya kukipata hicho. Ukifanya vipimo 20 visivyotegemeana mahali pasipo na chochote, kwa kikomo cha 0.05 (nyota huwekwa thamani ya p ikiwa chini ya hapo), uwezekano wa kuokota angalau nyota moja ni asilimia 64.

Wapo wanaosema meneja hahitaji haya, awaachie wanahisabati. Lakini kipimo cha t, cha kupima tofauti za wastani, wanachokibofya kila siku kwenye kompyuta, kilitoka kiwandani. William Gosset, mwajiriwa wa kampuni ya bia ya Guinness, alikichapisha mwaka 1908 kwa jina la kubuni la Student, kwa kuwa kazini kwake sampuli zilikuwa ndogo na maamuzi hayasubiri. Na meneja asiyejua misingi hulipia ujinga huo kwa fedha za kampuni. Huwachukua wauzaji kumi waliofanya vibaya zaidi robo hii, huwapeleka mafunzo, robo ijayo wanapanda, naye hulisifu somo. Kumbe baadhi yao walikuwa na robo mbaya tu, na wangepanda hata wangelala nyumbani.

Ninachoomba kwa wanaopanga mitaala ni kidogo: muhula wa kwanza bila programu yoyote ya takwimu ya kompyuta. Wanafunzi wachore data kwa mkono, wachote sampuli ndogondogo na kuona wastani unavyoyumba. Kubofya watajifunza kwa siku mbili.

Mwanafunzi yule alifaulu, kwa masharti ya marekebisho madogo. Jopo lilimtaka apange upya vichwa vya majedwali.

Mhadhiri wa menejimenti