Mkopo si fidia ya mafuriko

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambazo viongozi wetu huzitangaza kwa mbwembwe kila warudipo kutoka mikutano ya kimataifa, lakini ambazo ni nadra mwananchi kuelezwa kama ni msaada au ni deni.

Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 ya gesi zinazoipasha dunia joto, na sehemu ya Kenya haifiki hata asilimia 1. Umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Hata hivyo, sisi wakazi wa nyanda za Kano, hapa Kisumu, tunajua gharama ya mvua zilizopotoka. Mto Nyando ulipovunja kingo zake mwaka 2024, maji yaliingia katika mashamba ya mpunga, vyoo vya shimo vikafurika na kuchafua visima, na familia zikahamia madarasani zikiwa na magodoro yaliyolowa. Mpunga uliolala ndani ya tope kwa wiki nzima hauvunwi tena, na aliyeulima kwa pesa za chama bado anadaiwa na wenzake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi uliopitishwa mwaka 1992 ulikiri kwamba wajibu wa kuilinda hali ya hewa ni wa mataifa yote, ila mzigo hauwezi kuwa sawa, na kwamba mataifa yaliyoendelea ndiyo yatangulie. Mjini Copenhagen mwaka 2009, katika mkutano wa kila mwaka wa mkataba huo, mataifa hayo yaliahidi kuwa yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, ambayo ni jumuiya ya mataifa tajiri yenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, yaani miaka miwili baada ya muda kupita. Kinachoniuma zaidi ya kuchelewa huko ni kwamba, katika fedha za umma zilizotolewa mwaka huo, asilimia 69 ilikuwa mikopo na ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, ilikuwa asilimia 28 pekee.

Mfano hauko mbali. Mpango wa FLLoCA, ambao hufadhili miradi ya tabianchi katika kaunti zetu hadi ngazi ya wadi, una nguzo yake kuu katika mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Siupingi mpango huo, kwa kuwa umewapa wananchi wa kawaida nafasi ya kukaa katika kamati za wadi na kuamua ni mtaro gani uchimbwe kwanza na ni kisima gani kiinuliwe. Lakini hata masharti ya mkopo yawe nafuu kiasi gani, atakayeulipa ni huyo huyo mkulima wa Ahero aliyepoteza mpunga wake, kupitia kodi anayotozwa kila anaponunua sabuni na mafuta ya kupikia. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kumkopesha anayekudai.

Wapo watakaojibu kwamba mafuriko yetu tumeyaita wenyewe kwa kukata misitu ya Mau na kulima hadi ukingoni mwa mito. Ni kweli tumekosa, na serikali za kaunti zinazoruhusu ujenzi katika njia ya maji zinapaswa kuwajibishwa bila kusubiri dola ya mtu yeyote. Lakini kosa letu la msitu halifuti kosa la wale waliochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja na kutajirika kwayo. Mnamo Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yaliyoombwa kwa msukumo wa taifa dogo la visiwa la Vanuatu, ilisema kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi na kwamba taifa linaloukiuka linaweza kudaiwa fidia.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na majanga ya tabianchi, uliokubaliwa katika mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ulitupa matumaini kwa sababu awamu yake ya kwanza, ya dola milioni 250, ni ya ruzuku. Hata hapo kuna kizingiti. Angalau nusu ya fedha hizo imetengewa visiwa vidogo na nchi maskini kabisa, na Kenya, iliyopandishwa daraja la kipato cha kati, haimo katika orodha hiyo. Sitaki visiwa hivyo vinyang'anywe chochote, kwani vinazama. Ninachosema ni kwamba wastani wa pato la taifa, unaojumlisha majumba ya Nairobi, haupimi umaskini wa kaya iliyolala darasani, na ndiyo maana hatari inayomkabili mwananchi inafaa kuwa kipimo badala ya daraja la nchi yake.

Mjini Baku mwaka 2024 iliahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, bila kuainishwa ni kiasi gani kitakuwa ruzuku. Mkutano wa tabianchi wa mwaka 2027 umepangwa kufanyika Addis Ababa, kwa jirani yetu Ethiopia, na wajumbe wa Kenya wana muda wa kutosha kujenga msimamo mmoja na wenzao wa Afrika: fedha za kurekebisha uharibifu zisiandikwe katika daftari la madeni yetu. Kwa sasa, Wizara ya Fedha ichapishe kila mkataba wa mkopo wa tabianchi, kwa Kiswahili, ukionyesha riba na muda wa kulipa, na chifu ausome katika baraza kabla haujatiwa saini.

Mkulima wa mpunga,
Ahero, Kaunti ya Kisumu