Risala ya Kikundi cha Waokota Manemane kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, kina mama na vijana wa kikundi, mabibi na mabwana,

Sisi waokota manemane wa Kaunti ya Mandera tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na kwa idhini yako tutauzungumzia mti mmoja tu, dhidin, unaotupa malmal, yaani manemane, utomvu wake wenye harufu nzuri.

Mheshimiwa, wakati wa kiangazi unaweza kuupita dhidin bila kuutupia jicho, kwani ni kichaka cha miiba, kifupi, ambacho hukaa miezi mingi bila jani. Lakini gome lake likipata jeraha hutoka utomvu wa manjano hafifu, ambao hukaushwa na jua na upepo hadi ukawa donge la hudhurungi iliyokolea wekundu, lenye vumbi kwa nje, na ukilivunja linameta ndani kana kwamba limepakwa mafuta. Sehemu ya donge hilo ni gundi inayoyeyuka katika maji, sehemu nyingine haiyeyuki mpaka itiwe spiriti, na kiasi kidogo kilichobaki ni mafuta yanayobeba harufu. Bibi zetu, ambao hawakuwa na maabara, waliliroweka katika maji ya uvuguvugu ili kusukutua kinywa chenye vidonda, na makapi yaliyobaki chini hayakuwashangaza. Manemane pia hupakwa kwenye majeraha na kufukizwa nyumbani. Hagar, utomvu wa mti wa jamii hiyo hiyo, tunaukoroga na maji na kuwapaka ngamia na ng'ombe wanaosumbuliwa na kupe.

Biashara hii haikuletwa na madalali wa leo. Karibu miaka 3,500 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu katika nchi ya Punt, nchi ya kale inayodhaniwa kuwa pande hizi za Pembe ya Afrika, nazo zikarudi na utomvu wa manukato pamoja na miti yenyewe ikiwa na mizizi yake, kama inavyoonekana katika michoro ya hekalu lake huko Deir el-Bahari. Wakristo nao huyakumbuka manemane katika zawadi za mamajusi.

Mheshimiwa, desturi yetu ni kuokota kile ambacho mti umekitoa wenyewe, tukiwa machungani. Siku hizi bei ikipanda, wapo wanaoukata mti kwa panga kupita gome hadi ndani ya shina, wadudu wakaingia katika kidonda, na mti ukakauka. Hilo tunalilaumu waziwazi, hata kama wahusika ni watoto wetu. Tatizo la pili ni kuchanganya: manemane na hagar vikitiwa gunia moja, dalali hununua vyote kwa bei ya kile kilicho duni. Kwa hiyo kina mama huketi mkekani, wakavunja donge moja moja, wakalinusa, wakabandua magome na mchanga, kazi ambayo mpaka sasa hailipwi ipasavyo.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata ghala kavu lenye hewa ya kutosha, maana kwenye joto la mabati madonge hugandamana. Utuombee wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, watufundishe kupanga madaraja na kuotesha miche. Na uamuzi wa wazee wa kuzuia ukataji wa dhidin kwa ajili ya makaa na maboma uheshimiwe na ofisi za serikali.

Tunaomba kuwasilisha.