Kichwa Ni Pauni Moja, Kazi Iko Shingoni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mteja wetu wa Muscat, ambaye tunambadilishia vichwa vya visanamu vyake. Si yeye peke yake mwenye lalamiko hili. Yeye amelisema kwa ukali kuliko wenzake tu. Maneno yake kwa ufupi: "Kaka, vichwa nimenunua mwenyewe. Visanamu nimevikata shingo mwenyewe. Nimekupunguzia nusu ya kazi, halafu bili imekuja kubwa kuliko mara ile nilipokuletea vizima. Huku si kunipunja?"

Nilimpigia, tukaongea, tukaelewana. Ila swali hilo naulizwa karibu kila mwezi, na kila mara nalijibu kwa simu mpaka chai inapoa. Leo naliandika.

Kwa mgeni: sisi ni karakana ndogo hapa Nottingham, mimi na mdogo wangu, na kazi yetu ni kubadilisha vichwa vya visanamu vya michezo ya vita ya mezani, hasa vya milimita 28. Mtu ana kikosi kimoja, anataka kiwe kingine. Mwili ni ule ule; ukimvika tarbushi yenye kitambaa cha kisogoni anakuwa askari wa Mjerumani, ukimvika kilemba anakuwa mwanajeshi wa Kihindi, ukimvika helmeti ya jua anakuwa Mwingereza. Sisi asili yetu ni Tanga, na wateja wengi wanaotuandikia kwa Kiswahili wanataka vita vya Tanga vya Novemba 1914. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Vita vile vilipiganwa kwenye mitaa niliyoipita kwenda shule.

Bei zetu ni hizi: kisanamu kizima cha madini, kichwa kipya unacho mwenyewe, pauni 3.50. Kisanamu kilichokatwa shingo na mwenyewe, pauni 6. Hapo ndipo watu wanapoona wamepunjwa.

Sasa sikiliza koleo inafanya nini. Madini ya visanamu ni laini, ni bati lililochanganywa, na vile vya zamani vina madini ya risasi kwa wingi ndani. Koleo ya kukatia waya haikati madini hayo, inayabana mpaka yaachane. Wakati inayabana, yanatafuta pa kukimbilia. Shingo inabaki imechongoka katikati kama paa la nyumba, kola inalala, na mara nyingi mkanda wa risasi begani unaondoka na ncha ya koleo. Vile visanamu kumi vya Muscat nilivipanga chini ya taa, nikavikagua kwa lenzi. Saba vina kola iliyobondeka. Viwili vimepoteza kipande cha bega. Kimoja kimekatwa chini sana, kola nzima imeondoka pamoja na kichwa, na kichwa chenyewe kimeshatupwa. Kwa hiyo kabla sijaweka kichwa chochote, lazima kwanza nimjengee mtu shingo, kola na bega. Kazi hiyo mteja hakunipunguzia. Ameniongezea.

Tukipewa kizima tunafanya hivi. Kisanamu kinabanwa kwenye jiliwa ndogo, kimefungwa kipande cha ngozi ili nguo zake zisikwaruzike. Nachukua msumeno wa sonara, ule wenye uzi mwembamba wa chuma, nauanzia kisogoni, nakata kuelekea kidevuni, juu kidogo ya kola. Kama ana ndevu zilizolala kifuani au kamba ya helmeti kidevuni, nakata kwa kuzunguka, siyo moja kwa moja. Kisha tupa nyembamba ya nusu duara, nachimba kibonde kidogo ndani ya kola. Kichwa kipya lazima kizame humo. Mtu akikiweka juu ya mkato ulio bapa anapata shingo ya twiga, na shingo ya twiga inaonekana kutoka upande wa pili wa meza hata ukipaka rangi kwa ustadi gani.

Halafu tundu. Natoboa kwenye kiwiliwili kwa keekee ya mkono, sindano ya milimita moja. Nadondosha tone la rangi nyekundu mdomoni mwa tundu, nakigusisha kichwa jinsi ninavyotaka kikae, nakiinua. Kile kidoa chekundu chini ya shingo ndipo panapotobolewa tundu la pili. Watu wengi wanakisia kwa jicho hapo, wanatoboa mara tatu, shingo inakuwa kama chujio. Kati ya matundu mawili unapita waya wa shaba na supaglu. Kichwa kikishakaa hivyo, kisanamu kikidondoka sakafuni kitapinda bunduki kabla hakijapoteza kichwa.

Na kichwa lazima kiangalie. Hili wengi hawalifikirii. Askari anayelenga shavu lake liko kwenye kitako cha bunduki, kichwa kimeinama upande mmoja. Ukimwekea kichwa kilichochongwa kwa mtu aliyesimama mguu sawa, anapiga risasi huku akitazama minazi. Kwa walengaji natafuta vichwa vyenye shingo iliyopinda, na nikivikosa naisugua shingo mshazari mpaka shavu lifike linapotakiwa. Katika kikosi cha watu kumi utakuta watatu au wanne wanahitaji hivyo. Bei ni ile ile.

Tuje kwenye vichwa vyenyewe, maana huko nako pesa za watu zinapotea. Mteja anaona "milimita 28" kwenye pakiti, ananunua vichwa 30. Milimita 28 si kipimo kimoja. Mafundi wengine wanapima kutoka nyayo hadi machoni, wengine hadi utosini, na visanamu vya hadithi za kubuni vinachongwa makusudi na vichwa na mikono mikubwa ili uso uonekane kutoka mbali. Chukua hesabu ya kawaida: kichwa cha binadamu kina sentimita 23 hivi kutoka kidevuni hadi utosini. Ukigawa kwa 56, ambacho ndicho kipimo kinachokaribiana na 28, unapata milimita 4 na ushei. Ukigawa kwa 72, kile kipimo cha visanamu vidogo vya plastiki, unapata milimita 3 na kidogo. Vichwa vya hadithi za kubuni vinafika 5 na kupita. Tofauti ya milimita moja huioni kwenye picha ya dukani, lakini begani inageuka boga au limau. Nina boksi chini ya meza limejaa makopo madogo ya vichwa ambavyo wateja walivinunua, vikakataa, wakaniambia nibaki navyo. Navitunza vyote. Siku moja mtu atakuja na mwili unaovitaka.

Pa kuvipata ni pengi kuliko watu wanavyodhani. Fremu za plastiki, zile zinazokuja na vipande vya visanamu vya kukata na kubandika, nyingi zinabaki na vichwa, kwa sababu watengenezaji wanaweka vingi kuliko viwiliwili. Fremu za mchezo wa Frostgrave zinajulikana kwa hilo, na za watengenezaji Perry na Victrix pia. Kwa hiyo kabla hujanunua, waulize wenzako wa klabu wana nini kwenye makopo. Anvil Industry wanauza vichwa vya resini vya helmeti za aina nyingi. Ukitaka nyuso za wanawake zilizochongwa kwa heshima, Statuesque. Vichwa vilivyonakiliwa kwa wizi hatuvipokei, na mbali na haki ya mchongaji kuna sababu ya kifundi: kila ukinakili kitu kwa kalibu ya silikoni kinasinyaa kidogo, kwa hiyo umelipia kichwa kidogo chenye uso uliofutika.

Gundi nazo zina kwao. Gundi ya plastiki inayeyusha plastiki mbili zikashikana kuwa kitu kimoja, na kwa plastiki juu ya plastiki hakuna bora kuliko hiyo. Juu ya madini au resini haishiki kitu. Mteja mmoja wa Mombasa alibandika vichwa 12 vya plastiki kwenye miili ya madini kwa gundi hiyo, akavipaka rangi wiki mbili, vizuri sana, nyuso zina hadi mboni. Alivituma kwa ndugu yake, boksi likafunguliwa, vichwa vikamwagika kama kunde. Tulivirudishia vyote kwa waya, lakini kila shingo ilibidi ikwanguliwe na rangi ya kola ipakwe upya. Mwingine, wa Nairobi, hakuosha vichwa vya resini. Resini hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta. Usipoiosha kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, rangi haishiki. Alikuwa anamshika ofisa wake kichwani kila zamu yake ya kucheza, na siku ya tatu uso ukabaki kwenye kidole gumba.

Halafu kuna kofia, na hapa nawaomba mniruhusu niwe mkali kidogo. Kichwa kinachoingia shingoni si lazima kiwe kichwa sahihi. Nimeletewa vichwa vya Ansari, wale wapiganaji wa Mahdi wa Sudan, plastiki nzuri kabisa, viwekwe kwenye miili ya 13th Rajputs, kikosi cha jeshi la India. Kilemba ni kilemba, aliniambia mteja. Hapana. Kilemba cha jeshi la India kimefungwa kwa utaratibu, kina mikunjo inayohesabika. Kile cha Sudan kimezungushwa kwa namna nyingine kabisa. Vilevile 2nd Loyal North Lancashire, Waingereza walioshuka Tanga, walivaa helmeti ya Wolseley, yenye ukingo mpana unaoshuka nyuma kukinga shingo. Ukiwawekea helmeti ndefu ya miaka ya 1880 umewarudisha vita vya Sudan. Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, babu zetu baadhi yetu, tarbushi yao ilikuwa na kiunzi kilichosukwa kwa fito nyepesi, kikavikwa kitambaa cha kaki, na beji ya tai mbele. Tai yule kwa kipimo hiki ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini asipokuwepo mimi namkosa.

Kitambaa cha kisogoni, na ule ukingo wa Wolseley, vina faida nyingine: vinafunika mshono. Ndiyo maana vikosi vya tarbushi na vya Wolseley tunavimaliza haraka, na vya kilemba na kola wazi vinachukua muda. Huko hakuna pa kujificha, lazima udongo wa epoksi uingie.

Mtu mmoja alitaka King's African Rifles 20, askari Waafrika wa Mwingereza, kwa ajili ya Tanga. Nilimwambia ukweli kwamba hawakushushwa Tanga, jeshi lililoshuka pale lilitoka India, na kwamba askari hao awaweke kwa vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917. Nilipoteza oda ya pauni 70 siku ile. Akarudi baada ya miezi mitatu na oda ya Mahiwa.

Turudi kwenye zile pauni 6. Udongo wa epoksi unaopendwa na wengi unakuja kama utepe, bluu upande mmoja, njano upande wa pili. Pale katikati rangi zinapogusana umeshaanza kukauka ndani ya pakiti, kwa hiyo ukanda ule unakatwa unatupwa, la sivyo utapata chembe ngumu katikati ya kola laini. Unachanganya mpaka uwe kijani kimoja, unausubiri upungue kunata, ndipo unaanza kuuvuta kwa ncha iliyoloweshwa maji. Kola unaijenga kwa mara mbili: kwanza kiini, kinalala usiku mzima kikauke, kesho yake ndipo ukingo na mkunjo wa nguo. Ukijaribu kufanya yote kwa pamoja, kidole kinachotengeneza mbele kinabonda nyuma. Kizima kinanichukua dakika 20. Kilichobondwa na koleo kinachukua 45, na siku mbili za kusubiri. Hesabu hiyo haina ujanja wowote ndani yake.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkitaka kuokoa pesa, okoeni hapa: tuma kisanamu kimoja kizima, kimoja tu, kabla hujanunua kichwa hata kimoja. Nitakipima kwa kalipa nikwambie pakiti gani itakaa, au nitazame kwenye yale makopo ya chini ya meza. Ushauri huo sitozi. Kama unapenda kukata mwenyewe, na ni kazi tamu, sikukatazi, nunua msumeno wa sonara, na ufanye kwa kisanamu usichokipenda kwanza. Vumbi la madini ya zamani lina risasi na vumbi la resini linaingia kifuani, basi usisugue kwenye meza ya chakula, resini isugue kwa msasa wa maji, na nawa mikono kabla hujamshika mtoto.

Wale kumi wa Muscat wako dirishani kwangu. Tisa wameshamaliza, vilemba vimekaa, watatu wanalenga na mashavu yako kwenye vitako. Yule wa kumi, aliyepoteza kola yote, nimemwekea ukingo jana usiku. Kesho asubuhi nitaugusa kwa ukucha. Ukiwa umekauka atapewa kichwa chake, na boksi litakwenda posta kabla ya saa sita.