Historia hii ni yako pia

Mwanangu mpenzi,

Insha yako ya somo la Kiingereza nimeisoma, nikarudia kuisoma. Ningependa tukae tuzungumze, lakini wiki hii naingia zamu ya usiku ghalani, nawe unatoka alfajiri kuwahi basi la shule. Kwa hiyo nakuandikia, na naandika kwa Kiswahili, maana mambo ya rangi unayasikia kwa Kiingereza kutwa nzima.

Kuhusu historia ya utumwa wa watu weusi hapa Marekani umeandika: "Historia hii si yangu, lakini kila inaposomwa darasa zima linanitazama mimi." Kwamba wanakutazama, naamini bila kuuliza. Kwamba historia hiyo si yako, hapo sikubali, na nataka nikueleze kwa nini kabla hujamkabidhi mwalimu karatasi.

Nimefurahi mno kwamba mmesomeshwa habari za yule mshairi, Phillis Wheatley. Alichukuliwa Afrika Magharibi akafikishwa Boston mwaka 1761. Walikisia kuwa ana miaka saba au minane kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Wewe ulipokuwa na pengo ulikuwa ukiziba mdomo kwa kiganja kila nikitoa simu nikupige picha. Yeye na pengo lake alikuwa akiuzwa. Phillis ni jina la meli iliyomleta, Wheatley ni jina la waliomnunua, na jina alilopewa na mama yake halijulikani mpaka leo. Akajifunza kusoma, akatunga mashairi, na mwaka 1773 kitabu chake kikachapishwa London. Ndani yake kuna tamko lililotiwa saini na wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, kuthibitisha kuwa mashairi ni yake kweli. Binti wa miaka ishirini hivi, kaandika kwa mkono wake mwenyewe, na bado ikabidi waheshimiwa wamdhamini ndipo aaminiwe.

Unasema ulikasirika kusoma shairi lake la kushukuru kuletwa Marekani. Una haki ya kukasirika. Ila irudie mistari ya mwisho, pale anapowageukia Wakristo na kuwakumbusha kwamba hata watu weusi wanaweza kutakaswa wakajumuika na malaika. Waliokuwa wakimsikiliza ni watu wa mji ule ule uliomnunua. Alisema alichoweza kusema akiwa ndani ya nyumba yao, na mimi naliona jambo hilo kuwa la ujasiri mkubwa.

Sasa nikwambie lisilosemwa nyumbani kwetu mbele ya wageni. Mama yake bibi yangu hakuwa mzaliwa wa pwani. Aliletwa Pangani akiwa mtoto mdogo, kutoka bara, akakulia kwenye mashamba ya miwa ya kando ya mto. Ametoka kabila gani, mama yake alikuwa nani, hakuna ajuaye. Watumwa wa pwani walibandikwa majina mapya, Mabruki, Feruzi, na kadhalika, na yeye naye alikufa na jina la kubandikwa. Usidhani ni mambo ya zama za kale. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Bibi yako wa Tanga alimkuta hai, akawa akimchambulia mchele kwa sababu macho yake yalikwisha kufifia.

Umewahi kuniuliza mbona watu wa kwetu wakiulizwa asili wanakimbilia Shirazi ya Uajemi na Hadhramaut ya Yemen. Wengine ni kweli asili yao ni huko. Lakini wapo walioshika asili hiyo kwa sababu aliyejulikana kuwa mjukuu wa mtumwa alinyimwa mke, na kwenye shughuli akakalishwa nyuma. Ukimya huo umewaliza watu wengi pwani, na sitaki uurithi. Ndiyo maana nikisoma habari za mtoto yule wa Boston simwoni mgeni.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Kwenye sherehe za watu wetu hapa utasikia wazee wakisema: wewe Mtanzania, hawa Wamarekani weusi usijichanganye nao. Waamkie, wapakulie wali, lakini neno hilo liache lipite. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iligawa nafasi kwa kuwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, na Mwafrika aliachiwa makombo. Mgawo huo ulivunjwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za kiraia, katika miaka ile ile ambayo watu weusi wa nchi hii waliandamana, wakang'atwa na mbwa wa polisi, wakafungwa, na wengine wakauawa. Sisi tukaja baadaye kabisa kwa bahati nasibu ya viza, tukakuta mabasi yasiyo na viti vya weusi na shule isiyoruhusiwa kukukataa kwa rangi yako. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda ni babu na bibi za wanafunzi wenzako.

Wanapokwambia wewe si mweusi "kweli", usigombane nao. Wana machungu yao, na baadhi yamesababishwa na maneno ya wazee wetu hao hao. Lakini ujue pia kwamba Februari 1999, huko Bronx, New York, polisi wanne walimfyatulia Amadou Diallo risasi 41 mlangoni kwake. Hakuwa na silaha. Alikuwa kijana wa miaka 23, mhamiaji kutoka Guinea. Uafrika wake haukumkinga na chochote usiku ule.

Fomu ya sensa ya mwaka 2020 niliijaza mimi kwa ajili ya nyumba nzima. Kwenye swali la rangi nilitia alama ya vema kwenye kisanduku cha weusi, halafu kwenye mstari wa chini yake, wanapouliza asili, nikaandika Tanzania. Vyote viwili, na sikuona kimoja kinakipunguza kingine. Ukikulia hapa huenda ukavipima kwa namna yako, na nitakusikiliza.

Kwa hiyo insha usiifute. Aya ya pili, ya ulivyokaa kimya darasani huku shingo zikigeuka, ni nzuri sana, iache kama ilivyo. Badilisha ile sentensi moja tu, ikiwa umekubaliana nami. Na kama unataka kuandika habari za Pangani, kwanza mwombe ruhusa bibi yako, maana siri ni yake kabla haijawa yangu. Jumamosi asubuhi kwetu huwa jioni kwake, ameshaswali na yuko barazani. Mpigie mwenyewe, umwamkie vizuri, usimharakishe. Akisita, muulize habari za mchele.

Mama yako