Hela ya kurudi kwenye viota vilevile

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Mwenzangu Kalunde,

Asali imefika. Kondakta alinipigia simu usiku akidai dumu linavuja, roho ikaniruka, kumbe la abiria mwingine. Lako umelifunga mipira mitatu kama kawaida yako. Mama ameshaficha nusu.

Umeniuliza hela ya masomo ya uzamivu, yaani PhD, inatoka wapi. Haitoki mahali pamoja, ndugu yangu. Mimi nilipopata barua ya ufadhili nilijua nimemaliza, nikapika pilau, majirani wakala. Wiki mbili baadaye ndipo nikaisoma vizuri: ada, posho ya mwezi, tiketi. Porini je? Hata lita moja ya mafuta haikuwemo.

Na kazi yangu unaijua. Sokwe wa misitu ya Masito na Ugalla si kama wale wa Hifadhi ya Gombe waliozoeshwa watu tangu miaka ya 1960. Unaweza kuzunguka kwenye miyombo wiki nzima usimwone hata mmoja, kwa hiyo tunahesabu viota ili kukadiria idadi yao, kwa sababu sokwe hujitengenezea kitanda kipya karibu kila jioni. Ila cha jana na cha miezi mitatu iliyopita vyote viko juu ya miti. Lazima ujue kiota huchukua siku ngapi kuoza, na hilo hutegemea aina ya mti na mvua. Basi unatia alama vile vibichi, unarudi kuviangalia, unarudi tena, mpaka vitoweke. Kuna kimoja nilikifuata tangu kikiwa kibichi. Safari ya pili majani yalikuwa na rangi ya tumbaku, ya tatu unaona anga katikati. Ya nne vilibaki vijiti vichache. Mzee anayetuongoza anasema hicho bado kiota, mimi nasema si kiota, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Sasa mweleze hayo mtoa hela. Mmoja, simtaji, alipitisha andiko langu lote la kuomba hela halafu akafyeka safari nne kati ya sita. Akaandika pembeni: mbona mnakwenda palepale kila mara? Nililia kwa hasira. Baadaye nikatazama nilichokuwa nimeandika: "Safari za porini, 6." Basi. Andiko lililofuata nilikisimulia kile kiota kama nilivyokusimulia wewe hapa, na safari zote zikapita.

Kwa hiyo gawa mahitaji yako mafungu mawili mapema. Ada na kujikimu, tafuta kwenye ufadhili wa masomo. Shirika la uhifadhi la WWF wana ule wa Russell E. Train, unawalenga watu wa uhifadhi wa nchi kama zetu. Kazi ya porini, anza na mfuko wa Rufford wa Uingereza. Hao hawalipi ada, usijisumbue kuiandika. Wanatoa fungu dogo, ukilitumia vizuri na ripoti ikaeleweka unaruhusiwa kuomba la pili. Kwa sisi wa sokwe kuna pia Leakey Foundation ya Marekani, yenye ufadhili uitwao Baldwin kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, lakini wewe na utafiti wako wa warina asali sidhani kama mlango huo utafunguka.

Louis Leakey, ambaye taasisi hiyo imepewa jina lake, ndiye aliyemtafutia Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, hela ya kuja huku. Aliiomba kwa mfanyabiashara wa Marekani, Leighton Wilkie, nayo ilikuwa ya miezi sita tu. Binti akashuka Gombe Julai 1960 na mama yake. Hela ikiwa inaelekea ukingoni ndipo akamwona sokwe aliyemwita David Greybeard akivua mchwa kwa bua la nyasi, na shirika la National Geographic wakafungua mkono. Watu hupenda kusimulia mchwa. Mimi huwaza zile wiki za kabla yake, mtu anahesabu siku zilizobaki huku sokwe wakimkimbia.

Swali lako la utafiti nalipenda. Ule upande wa Ugalla uliokuwa pori la akiba, warina asali walitundika mizinga kwa kibali. Tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, ikabidi watoke. Wamehamia wapi, na msitu waliohamia una hali gani? Wapo watakaokwambia uchomeke tembo ndani ili andiko livutie. Usikubali. Utajikuta unalipwa kuhesabu kinyesi cha tembo na mizinga yako imekaa.

Halafu posho za waongozaji wa vijijini uziandike kwenye mstari wake peke yake, usizifiche kwenye "mengineyo". Mengineyo ndiyo ya kwanza kukatwa, na wao ndio watakaokudai ukiwa umekaa nao kwenye moto mmoja.

Nitumie bajeti kwanza, andiko baadaye. Kuna treni ya Ijumaa ukipata nafasi. Migebuka ipo, na nitaificha mbali na mama.

Wako,
Zaituni