Moyo wa chura haujapungukiwa na kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagusa walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari wanaosoma baiolojia hapa Mbeya na, bila shaka, katika mikoa jirani ya Iringa, Njombe na Songwe. Katika vitini vya marudio vinavyouzwa madukani, na katika madaftari ya wanafunzi wanaohamia kwetu kutoka shule mbalimbali, nimekuwa nikikuta maelezo yaleyale: kwamba papa ni samaki duni kwa kuwa hana mifupa, kwamba samaki wa kawaida ana afadhali kidogo, na kwamba chura yuko katikati ya safari ya kuelekea kwa binadamu, ndiyo maana moyo wake una vyumba vitatu tu na “haujakamilika”. Mwanafunzi anayakariri maneno hayo, anayajaza kwenye karatasi ya mtihani na kupata alama zake. Mimi nasema maelezo hayo si sahihi, na kwamba yanamnyima kijana sehemu tamu kuliko zote ya somo hili, yaani kuelewa kwa nini kiungo kikawa jinsi kilivyo.

Nianze na huo moyo unaodharauliwa. Moyo wa perege una chumba kimoja kinachopokea damu na kingine kinachoisukuma. Damu hutoka moyoni, hupita kwenye matamvua ikachukua oksijeni, kisha huendelea moja kwa moja mwilini bila kurudi kwanza moyoni. Moyo wa papa hufuata njia hiyohiyo. Chura ana vyumba viwili vya kupokea, kimoja cha damu itokayo mapafuni na kimoja cha damu itokayo mwilini, na vyote viwili humimina damu katika chumba kimoja cha kusukuma. Hapo ndipo vitini vinapohitimisha kwamba damu safi na damu chafu zinachanganyika, na kwamba huo ni upungufu ambao binadamu ameuondoa kwa kuwa na vyumba vinne.

Kinachosahaulika ni ngozi. Chura hupumua pia kwa ngozi yake nyembamba yenye unyevu, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa anayoitoa mwilini hupitia huko. Damu iliyochukua oksijeni kwenye ngozi hujiunga na mishipa inayorudi kutoka mwilini, ikaingia katika chumba cha kulia, kile ambacho vitini vinakiita cha damu chafu. Kwa hiyo vyumba vyote viwili vya kupokea vinaweza kuwa na damu yenye oksijeni. Zaidi ya hayo, ndani ya chumba cha kusukuma kuna matuta ya misuli, na katika mshipa mkubwa unaotoka moyoni kuna ukuta mdogo uliojipinda, na kwa pamoja husaidia kuelekeza mikondo ya damu ili isivurugike ovyo. Kisha chura anapozama majini, mapafu yake hayana kazi kwa muda, na mwili hupunguza damu inayokwenda huko na kuiongeza kwingineko. Moyo wa binadamu hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu upande wa kulia na upande wa kushoto ni lazima visukume kiasi kilekile cha damu, la sivyo upande mmoja utafurika. Moyo wenye chumba kimoja cha kusukuma unamruhusu chura kuishi maisha mawili, ya nchi kavu na ya majini, na kwa maisha hayo ni moyo uliokamilika.

Kuhusu papa, dharau hiyo imekita zaidi, pengine kwa sababu sisi wa nyanda za juu tuko mbali na bahari na wengi wetu hatujawahi kumwona mzima. Lakini papa mkavu wa chumvi huletwa kutoka pwani mpaka kwenye masoko yetu, na kipande kimoja tu chenye sehemu ya uti wa mgongo kinatosha kwa darasa zima. Ukiloweka kipande hicho na kukikata kwa kisu, utaona kwamba pingili za uti huo zinakatika kwa namna ambayo mfupa wa perege haukatiki. Ni gegedu, ile ile inayounda masikio na ncha ya pua ya mwanafunzi mwenyewe, ingawa kwenye pingili za papa imeongezewa madini ya chokaa ikawa ngumu zaidi. Gegedu ni nyepesi kuliko mfupa, na wepesi huo una maana kubwa kwa mnyama ambaye hana kibofu cha hewa. Perege hukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuelea kwa sababu ya kifuko cheupe chenye hewa kilicho chini ya uti wake wa mgongo. Papa hana kifuko hicho. Badala yake ana ini kubwa mno lililojaa mafuta, ambalo kwa baadhi ya aina za papa hufikia robo ya uzito wa mwili. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na tofauti na hewa hayabanwi sana wala hayatanuki sana papa anaposhuka au kupanda. Samaki mwenye kibofu kilichofungwa akivutwa haraka kutoka kilindini hufika juu amevimba, kwa kuwa hewa iliyo ndani yake imetanuka. Sasa ni yupi duni kati ya hao wawili?

Kuna pia ile harufu kali ya papa, ambayo kila mpishi anaifahamu na huipunguza kwa kuloweka nyama na kubadilisha maji. Ndani ya harufu hiyo kuna somo zima la figo na chumvi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwili wa mnyama unapovunjavunja protini hubaki na amonia, ambayo ni sumu. Perege huitoa kwa wingi kupitia matamvua, nayo husombwa na maji yanayomzunguka. Kiluwiluwi naye hutoa amonia, lakini anapogeuka kuwa chura na kupanda nchi kavu hana tena maji ya kutosha ya kuisomba, kwa hiyo ini lake huanza kuigeuza kuwa yurea, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, na figo huitoa kwa mkojo. Papa naye hutengeneza yurea, ila haitupi yote. Huibakiza kwa wingi katika damu na nyama yake. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki wengi, na samaki wa baharini mwenye mifupa hupoteza maji kila wakati, ikambidi anywe maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Papa, kwa kuijaza damu yake yurea, amekaribiana na bahari kwa uzito wa vilivyoyeyuka ndani, kwa hiyo maji hayamkimbii. Chumvi inayomzidi huondolewa na tezi maalumu iliyo karibu na mwisho wa utumbo wake. Papa akishakufa, bakteria huigeuza ile yurea kuwa amonia, na ndiyo tunayoinusa sokoni. Kitu kilekile ambacho chura anakitoa kwa figo ndicho papa anachokitunza ili aishi, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba viungo hupanda ngazi kutoka ubovu kwenda uzuri hana namna ya kulieleza jambo hilo.

Utumbo nitautaja kwa ufupi. Utumbo wa papa ni mfupi, lakini ndani yake kuna ukuta uliojizungusha kama ngazi za mnara, na chakula hupita kwa kuzunguka, hivyo eneo la kufyonza linakuwa kubwa ndani ya nafasi ndogo. Utumbo wa perege, anayekula zaidi mwani na mimea midogo ya majini, ni mrefu kupita urefu wa mwili wake mara kadhaa. Kiluwiluwi ana utumbo mrefu uliojiviringisha, nao hufupika anapogeuka chura na kuanza kula wadudu.

Mkoani kwetu na kwa majirani zetu kuna ushahidi mwingine ambao vitini haviugusi. Tunafundisha kwamba vyura hutaga mayai majini, na kwa vyura wengi ni kweli. Lakini katika misitu ya nyanda za juu kusini yuko chura anayezaa watoto walio hai, Nectophrynoides viviparus, aliyeelezwa kisayansi na Mjerumani Gustav Tornier mwaka 1905. Ndugu yake, chura wa Kihansi, ambaye mwili wake haufikii hata sentimita 3, alipatikana mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, naye pia huzaa. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko yaliyokuwa yakimlinda yalipungua mno, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukamkumba, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokoka kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani mapema na kutunzwa huko, na kuanzia mwaka 2012 akaanza kurudishwa korongoni. Ngozi ile ile inayompa chura oksijeni ndiyo mlango wa ugonjwa na wa ukavu, na anayeifahamu kazi ya ngozi hiyo hahitaji kuambiwa kwa nini manyunyu yalikuwa uhai wake. Papa wengi nao huzaa watoto hai, ilhali perege jike wengi hutotoa mayai yao mdomoni. Nani basi amepanda ngazi na nani amebaki chini?

Najua nitaambiwa kwamba shule nyingi hazina maabara. Kwa haya niliyoyaeleza haihitajiki maabara kubwa. Perege kutoka Mtera au Kyela, aliyenunuliwa sokoni asubuhi na ambaye hajatolewa matumbo, akipasuliwa kwa uangalifu kuanzia tumboni kwenda kooni ataonyesha moyo wake mdogo mwekundu nyuma kidogo ya matamvua, ini, utumbo na kile kibofu cha hewa. Inua kifuniko cha matamvua na uhesabu matao yaliyo ndani, kisha waeleze wanafunzi kwamba papa hana kifuniko hicho, bali ana nyufa zilizo wazi, kwa kawaida tano kila upande. Chura hana haja ya kuuawa. Wa kawaida, wa kwenye mashamba ya mpunga au bustani, akiwekwa kwa muda mfupi ndani ya ndoo yenye unyevu, ataonekana akipandisha na kushusha ngozi ya koo lake bila kupumzika. Hana mbavu za kutanua kifua wala kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kama chetu, kwa hiyo huisukuma hewa mapafuni kwa kinywa. Akishaonekana, arudishwe alikotoka. Vyura wa misituni wasiguswe kabisa.

Ombi langu kwa wanaotunga mitihani ya ndani ya shule, ya wilaya na ya mkoa ni moja. Swali la “taja tofauti nne kati ya moyo wa samaki na moyo wa chura” lipewe alama chache, na alama nyingi ziende kwa swali linalomtaka mwanafunzi aeleze kitakachompata chura akikaushwa ngozi huku mapafu yake yakiwa mazima, au kitakachompata papa akitolewa yurea yote mwilini akiwa bado baharini. Na kwa wachapishaji wa vitini hivyo, nawasihi waondoe maneno “duni” na “haujakamilika” katika toleo lijalo, na mahali pake waandike kiungo kinafanya kazi gani, kwa mnyama gani, anayeishi wapi.

Mwalimu wa Baiolojia,
Uyole, Mbeya.